Mrashi wa Pangani: Tarehe ya Kioo cha Kuagiza

Mwenye kusikia jina la Pangani aghalabu huona mto, ngalawa na mji mkongwe ulio mkabala wa Bweni, ule wa upande wa Tanga ambako Abushiri bin Salim alinyongwa mwezi wa Desemba 1889. Nami sina ugomvi na mji ule wala na fahari yake, ila Pangani ninayoikalia mimi ni nyingine, haina bahari wala haina boma la kale, ni kata ya Mji wa Kibaha katika Mkoa wa Pwani, katika nchi ya Wazaramo na Wakwere ambayo hapo zamani ilihesabiwa pamoja na Kisarawe. Huku kwetu mtu hutafuta mihogo na mikorosho, na siku hizi hukuta nusu ya mashamba yamekwisha kugeuka viwanja vya waliohama Dar es Salaam. Hapana mtu anayekuja Pangani ya Kibaha kutafuta athari za dola ya Uthmaniya, ile ya Waturuki. Hata mimi sikuzitafuta. Zililetwa mbele yangu juu ya sinia, katika maulidi ya arusi ya jirani, baina ya chetezo cha udongo kilichofuka udi na bakuli la tende.

Alichokileta bibi wa nyumba ile kilikuwa mrashi wa kioo. Urefu wake shubiri moja na nusu, tumbo lake la duara kama komamanga, shingo yake nyembamba ya kwenda juu kwa mwendo mrefu, na mdomo wake umevishwa kofia ya shaba nyeupe yenye matundu saba madogo. Kioo chenyewe ni chekundu, si wekundu wa rangi iliyopakwa, bali wa maji ya komamanga yaliyoshikwa na mwanga. Na juu ya wekundu ule pamechorwa maua na majani kwa dhahabu, duara ndani ya duara, wala hapana mnyama wala sura ya mwanadamu hata mmoja. Shingoni, mahali ambapo mkono hushika, dhahabu imeliwa na viganja hata imebaki kama kivuli. Nilipopewa ruhusa kuupindua (ukiwa mtupu, kwa kuwa bibi hakuwa tayari kuona marashi yakimwagika kwa ajili ya udadisi wa mtu), niliona chini ya kitako kovu la mviringo, kali kidogo kwa ncha ya kidole, mahali fundi alipokivunja chombo kutoka katika fimbo yake ya chuma kilipokuwa bado kina moto. Kovu lile ni hati ya kazi ya mkono, nami nahukumu, kwa wekundu wake na kwa namna dhahabu ilivyopangwa, kuwa mkono ule ulikuwa wa Bohemia, katika nchi tunayoiita leo Jamhuri ya Cheki.

Sasa tafakari. Watu wa Bohemia hawana desturi ya kumpokea mgeni kwa kumnyunyizia marashi ya waridi kichwani na viganjani. Hawakuwa nayo siku zile, wala hawanayo leo. Kwa nini basi mwanamume wa milima ya theluji, mla nguruwe na mnywa bia, alipuliza kioo kwa umbo ambalo yeye mwenyewe asingejua kulitumia, akakitia nakshi, akajizuia kuchora ndege wala paa, ambao katika vyombo vya kwao aliwachora kila siku? Jawabu ni moja: aliagizwa. Alikuwa na mnunuzi wa mbali mwenye pesa, mwenye dini yake na adabu zake, na mnunuzi yule ndiye aliyeamuru mkono wake. Ndiyo maana nasema tarehe ya kioo katika pwani yetu ni tarehe ya maagizo, na atakayeiandika kama tarehe ya Mzungu aliyetuletea vitu vya kumeremeta, nasi tukavishangaa, atakuwa ameiandika kichwa chini miguu juu.

Mlango wa kwanza wa tarehe hii ni wa kale mno. Katika karne ya 1 baada ya Masihi, mtu mmoja mwenye kuandika kwa Kiyunani alitunga kitabu cha njia za biashara za bahari hizi, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythra, na alipofika kuieleza Rhapta, bandari ya mwisho ya pwani yetu (aliyoiita Azania), alihesabu bidhaa zilizoletwa: mikuki, mashoka, visu na misharasi ya kutobolea, na vitu vya kioo vya namna nyingi. Wataalamu bado wanazozana Rhapta ilikuwa wapi, wengi wakielekea delta ya Rufiji, na Profesa Felix Chami alichimbua huko Rufiji shanga za kioo alizozinasibisha na zama za Warumi. Mimi napenda zaidi neno dogo lililo ndani ya orodha ile, kwamba mikuki ilifuliwa Muza, katika Yemeni, mahususi kwa biashara ya huku. Miaka karibu elfu mbili iliyopita mafundi wa ng'ambo walikwisha kukaa wakijiuliza: watu wa Azania wanataka nini?

Lugha yetu nayo imeyahifadhi mambo haya kuliko ghala lolote. Mrashi ni neno la Kiarabu, lina asili ya kunyunyiza. Bilauri tunayonywea maji ilikuwa hapo kwanza jina la jiwe angavu lichimbwalo milimani, kisha kioo kilicholiiga jiwe hilo kikarithi jina lake. Kandili na fanusi ni za Waarabu vilevile. Na thuria, ile taa kubwa ya vioo vingi inayoning'inizwa katikati ya ukumbi, imeitwa kwa jina la kundi la nyota ambazo mkulima wa Kisarawe huziita Kilimia na kuzitazama apate kujua majira ya kulima. Kwa hiyo mtu akitundika thuria sebuleni, kwa haki ya lugha ametundika Kilimia ndani ya nyumba.

Amma huko kwenye chimbuko, ustadi wa kupaka kioo rangi na dhahabu ulikuwa wa Waislamu kabla ya kuwa wa Wazungu. Mafundi wa Halabu na Dameski walifanya makandili ya misikiti yaliyozungushiwa maandishi, wakiitazama aya ya Nuru katika sura ya 24, inayotaja taa iliyomo ndani ya kioo. Na watu wa Ulaya walivinunua vyombo vyao kama vito. Kisha mtawala Timur akaiteka Dameski mwaka 1401, akawachukua mafundi wake hadi Samarkandi, na tanuri za Shamu hazikurudia hadhi yake ya kwanza. Waliopokea kazi ni watu wa Venice, ambao tangu mwaka 1291 walikuwa wamezihamishia tanuri zao kisiwani Murano, kwa hofu ya moto na, kama wasemavyo wengi, kwa hofu ya siri kuvuja. Ikawa mwanafunzi amemrithi mwalimu akiwa hai, na haukupita muda mrefu mwalimu akaja dukani kwa mwanafunzi kununua.

Habari ya mwaka 1569 ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Waziri mkuu wa Waturuki, Sokollu Mehmed Pasha, aliyekuwa na shughuli za kujenga misikiti, alihitaji makandili ya kioo, akamwita balozi wa Venice aliyekuwa Istanbul, Marcantonio Barbaro, akamwagiza makandili 900. Wala hakuagiza kwa maneno matupu. Barua ya balozi ilikwenda Venice pamoja na mchoro wa kandili lenyewe, ili mafundi wa Murano waone umbo litakiwalo, tumbo na shingo na mahali pa minyororo, wasije wakafanya ya kichwani mwao. Mwaka uliofuata dola hizi mbili zilikuwa vitani kwa ajili ya kisiwa cha Kuprosi, na mwaka 1571 merikebu zao zikasagana Lepanto. Walakini mchoro ulibaki, na mpaka leo ni shahidi wa namna biashara ilivyokwenda. Mfalme anayepigana na wewe asubuhi anaweza kukuuzia taa jioni, almuradi umemtumia kipimo.

Kutoka Venice kazi ikaenda polepole Bohemia, kwa kuwa huko kulikuwa na misitu ya kuni, mchanga mzuri na ujira mdogo. Miji miwili ya milimani, Haida na Steinschönau (leo yaitwa Nový Bor na Kamenický Šenov), ilikuwa na matajiri walioweka mawakala mbali, hata Izmir na Istanbul, kazi yao kutazama nyumba za Waturuki zinataka nini. Na nyumba hizo zilitaka mengi. Zilitaka mirashi, na bakuli za sharubati zenye vifuniko na visahani, na vyombo vya ua moja la tulipu vyenye shingo nyembamba, na matumbo ya kiko cha maji. Hiki kiko nacho kina mzaha wake: Waturuki wakiita nargile, na neno hilo ni la Kiajemi, maana yake nazi, kwa sababu viko vya kwanza vilifanywa kwa kifuu. Basi fundi wa Bohemia, ambaye mnazi hajapata kuuona, alikuwa akipuliza kwa kioo cha kaharabu na zumaradi chombo kilichorithi jina la kifuu, akitia maua ya dhahabu, na wazee wa huku pwani walikuwa wakivuta katika kifuu chenyewe, wala hawakujua kuwa wanacho kitu ambacho Pasha analipia dhahabu kukiiga.

Wekundu ndio uliokuwa taabu. Rangi nyekundu ya kioo kwa desturi hupatikana kwa kutia dhahabu kidogo katika mchanganyiko, na gharama yake yajulikana. Mwaka 1832 fundi mmoja wa Haida, Friedrich Egermann, alitengeneza rangi nyekundu ya shaba inayopakwa juu ya kioo cheupe kisha ikachomwa hata ikaingia mwilini, na kwa njia hiyo chombo chekundu kikaweza kununuliwa na mke wa tajiri wa kawaida, si mke wa waziri peke yake. Waturuki nao, tangu kabla ya Egermann, hawakukaa wakitazama tu fedha yao ikienda. Sultani Selim III alimtuma Venice darweshi wa tarika ya Mawlawiya aitwaye Mehmed Dede akajifunze kazi, naye aliporudi akafungua tanuri huko Beykoz, ukingoni mwa Bosforo, ambako vikatoka vyombo vyenye mistari myeupe na samawati ya kuzunguka, vinavyoitwa mpaka leo jicho la bulbuli. Na mwaka 1935, jamhuri ikiwa imechukua mahali pa dola, kiwanda cha Paşabahçe kikafunguliwa jirani na hapo. Lakini wenye majumba makubwa waliendelea kuagiza Ulaya. Katika kasri ya Dolmabahçe, iliyokamilika mwaka 1856, inaning'inia thuria yenye uzito wa tani nne na nusu, ambayo kwa miaka mingi wageni waliambiwa kuwa ni zawadi ya Malkia Victoria, hata risiti ikapatikana, ikaonekana kuwa Sultani aliinunua kwa pesa zake. Risiti ile ni kitu kizuri. Ni mara ngapi vitu tulivyovilipia wenyewe vimeandikwa katika vitabu kuwa tulipewa?

Huku kwetu majumba yalikuwa yakimeremeta kabla ya hapo. Mshairi wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha fahari ya matajiri waliokwisha kwenda makaburini alitaja vyombo vyao vya Uchina na makuzi yao ya kioo angavu; na makaburi ya Kunduchi na Kaole, ambayo si mbali na sisi, yalitiwa sahani na bakuli za ng'ambo katika kuta na nguzo zake. Hata hivyo habari iliyo wazi kuliko zote ni ya Unguja, nayo tumeachiwa na binti wa nyumba ya sultani yenyewe. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri ya Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akabatizwa Emily, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikapigwa chapa mwaka 1886. Humo anazieleza kuta za vyumba vya Waarabu wenye cheo: zimegawanywa kwa zidaka kutoka chini karibu na juu, na katika kila kidaka zimepangwa bilauri zilizochongwa, sahani za rangi na makuzi mazuri, na tajiri hakuona ghali bei yoyote aliyotajiwa, mradi kitu kipendeze kidakani; na baina ya vidaka vioo vikubwa vya kujitazamia, vilivyoletwa kutoka Ulaya, pamoja na saa za kila namna.

Asomaye haraka ataona mapambo. Mimi naona orodha, kwa kuwa binti huyo huyo anasimulia kwamba kila mwaka marikebu za baba yake zilikwenda Uingereza na Marseille, Uajemi, Bara Hindi na Uchina zikiwa na mazao ya nchi, na waliopewa kazi ile walichukua maagizo marefu ya vitu vya kununua, mpaka siku ya kugawa, nyumba nzima ikasimama kwa shauku. Karafuu ilikwenda, bilauri ikaja. Nani basi aliyekuwa bwana wa nani katika biashara hiyo? Fundi wa Ulaya hakujua hata jina la Mtoni, lakini kisahani chake kilipimwa kwa upana wa kidaka.

Sayyid Barghash, nduguye Salme, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 mpaka 1888, aliizidisha fahari ile kwa Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883, nyumba ambayo watu waliiita ya ajabu si kwa bure, maana ndiyo nyumba ya kwanza ya Unguja kuwashwa umeme. Na mwaka 1896, tarehe 27 Agosti, manowari za Waingereza ziliipiga kasri kwa mizinga, muda usiotimia saa moja, na Beit al-Hukm, moja ya nyumba za kasri hiyo, ikawa kifusi. Mwenye kutaka kujua vioo vya majumba vimekwenda wapi aanze kuuliza hapo. Salme mwenyewe alifia ugenini mwaka 1924, katika mji wa Jena, ambao umaarufu wake katika Ujerumani ni kufanya vioo.

Nimekawia mno katika majumba, na majumba si yetu sisi wa bara ya pwani. Kioo kilichofika Uzaramo, kikavuka mto Ruvu, kikaingia kila kijiji pasipo zidaka wala kasri, kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Naam, ni ushanga. Na ushanga ni kioo kilekile, cha tanuri zilezile, na habari yake kwa upande wetu ni kubwa kuliko ya mirashi yote ya masultani.

Ushanga mwembamba wa Murano ulifanywa hivi. Fundi alichota kioo cha moto kwa fimbo ya chuma, akatia pumzi ndani kidogo, kisha mwenziwe akashika upande wa pili kwa fimbo nyingine, na wote wawili wakakimbia, huyu mashariki na huyu magharibi, kioo kikinyumbuka baina yao kama ulimbo hata kikawa mrija mrefu mwembamba wenye tundu katikati. Mrija ukikatwa vipande vidogo, vipande vikatiwa katika chombo cha moto pamoja na vumbi la kuziba matundu, vikazungushwa mpaka ncha zake kali zikalainika. Ukitaka ushanga wa tabaka mbili, kwanza kioo cheupe, kisha ukichovye katika chekundu kabla ya kukimbia. Huo wa tabaka mbili, mwekundu nje na mweupe moyoni, wafanyabiashara wa Ulaya waliuita akiki ya Aleppo, yaani ya Halabu yenyewe, mji wa dola ya Waturuki. Na ushanga huo mwekundu wa moyo mweupe ndio uliokuwa mfalme wa njia za misafara kutoka Kaole na Bagamoyo. Huku uliitwa samesame.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka Kaole mwezi wa Juni 1857 na kupita katika nchi ya Uzaramo akiwalipa mapazi, yaani wakuu wa Uzaramo, hongo yao, aliandika kuwa aina za ushanga zilizojulikana katika biashara zilikuwa kama 400, na samesame peke yake ulikuwa na majina kadhaa. Waliuita kimarapamba, kwa maana kwamba huimaliza pamba, na pamba katika maneno ya wakati ule ni chakula: mtu hutoa chakula chake cha usiku apate ushanga. Waliuita pia kwa jina la kuvunja miji, kwa sababu wanawake walirukwa akili kwa ajili yake. Kipimo chake kilikuwa khete, uzi wa kuzungusha kutoka kidole gumba hadi kiwikoni na kurudi, na khete kumi ni fundo moja. Wabaniani wa Unguja waliununua kwa frasila, wakauuza kwa frasila, na mwenye msafara alipofika kijijini alihesabu kwa khete.

Mtu asidhani kuwa ushanga wowote ulikuwa pesa popote. Ndilo jambo lililowasumbua wasafiri, nalo ndilo shina la maneno yangu. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijitayarisha mwaka 1871, alinunua magunia 22 ya ushanga, baada ya kuhangaika kwelikweli, kwa kuwa aliambiwa mweusi unapokewa Ugogo lakini kwingine hautazamwi, na ule mkubwa kama yai unatakiwa Ujiji lakini kwingine watu watauchekea. Akikosea hesabu, gunia zima litakuwa mzigo wa mchanga. Wanawake wa bara, ambao hawakupata kuiona Venice wala kuisikia, waliweza kuifilisi tanuri ya Murano kwa kukunja pua tu. Msimu mmoja waliukataa ushanga wa rangi fulani, na habari ikashuka na misafara hadi pwani, ikavuka hadi Unguja, ikapanda marikebu, na mahali fulani katika kisiwa cha Murano mtu akaambiwa azime moto wa rangi hiyo. Sokollu Mehmed Pasha alituma mchoro. Mwanamke wa Uzaramo hakutuma kitu. Alitikisa kichwa, ikatosha.

Na alipoukubali, aliutia mahali pa heshima. Binti wa Kizaramo anayewekwa ndani ukumbini, akaitwa mwali, hupewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti asiye na mikono wala miguu, mwenye nywele za kusimama kama mashikio mawili, amtunze kama mwana, amwogeshe na kumpaka mafuta; na aghalabu mwana hiti hufungwa ushanga. Shanga za kiunoni za mwanamke mzima sitazieleza, si kwa kuwa hazina habari, bali kwa kuwa habari yake haiandikwi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wadachi walileta rupia na kodi yake, na ushanga ukaacha kuwa fedha, ukabaki pambo. Shanga za Cheki zikajaza maduka ya Wahindi. Makandili yakawa chemli, chemli zikawa umeme. Katika Septemba 2023 kiwanda kikubwa cha vioo vya madirisha kilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan huko Mkuranga, katika mkoa wetu huuhuu, katika wilaya ambayo nayo zamani ilikuwa ndani ya Kisarawe. Mchanga wa pwani unayeyuka sasa mlangoni mwetu, wala hapana nahodha wa kuusubiri. Vioo vyake ni vya madirisha. Mrashi hawafanyi.

Narudi kwenye maulidi. Watu walipokwisha kuondoka nilibaki na bibi akikunja vitu vyake, na katika sanduku lile lile la mrashi alinionyesha utepe wa kitambaa wenye khete moja ya samesame, ya nyanya yake, imechakaa uzi. Punje moja ilikuwa imekatika nusu. Nikaishika juani: nje nyekundu kama mrashi, ndani nyeupe kama tui. Nilimweleza habari ya Halabu, naye akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba yeye alichotaka kukijua ni kitu kimoja, kama naweza kumsaidia kupata mrashi mwingine kama ule, kwa sababu mjukuu wake wa pili anaolewa mwezi wa Shawwali na wajukuu wamekwisha kugombania huu mmoja.

“Huo huwezi kuupata, Bibi,” nikamwambia. “Waliokuwa wakiufanya wamekwisha.”

“Wamekwisha wapi?” alisema mjukuu, aliyekuwa akiosha sinia mlangoni. Akajifuta mikono, akauchukua mrashi, akauweka juu ya kitambaa cheupe dirishani, akaupiga picha kwa simu ubavuni, kisha juu, kisha mdomoni penye matundu saba, kisha akauweka kando ya rula ya shule ya nduguye akaupiga tena ili kipimo kionekane. Picha zikaenda kwa mtu wa Kariakoo mwenye wakala wake Guangzhou. Tulikuwa hatujamaliza chai jawabu liliporudi. Wanafanya, hata kwa rangi hiyo hiyo, na maua ya dhahabu wataweka. Ila kiwandani hawapokei oda isiyofika mirashi 200, na wanauliza kama kofia iwe ya shaba au plastiki.

Bibi alifikiri kidogo. “Shaba,” akasema. “Na waambie wasichore ndege.”